Kichwa Kilichoanza Kusalimia Kushoto

Yaw Ampratwum alikuwa na miaka arobaini na moja, kitambi kidogo cha heshima, na vichwa viwili. Kimoja alizaliwa nacho, na dada yake alikuwa anasema hakitumii sana. Cha pili alikitengeneza mwenyewe, na alitembea nacho kwenye mfuko wa rambo.

Mtaa mzima wa Bantama, mjini Kumasi, ulikijua. Ukikutana naye asubuhi anaenda kazini, unaona kabisa macho mawili ya mipira ya tenisi ya mezani yanakuchungulia kwenye plastiki. Mama muuza waakye, wali wa maharage, wa pale kona alikuwa anamuuliza kila siku, "Kaka Yaw, leo mko wawili, nipakue sahani ngapi?" Naye anajibu bila hata kucheka, "Moja tu, mwenzangu hana tumbo."

Kazi iliyomlisha ilikuwa kutengeneza mashine za fotokopi. Pale karibu na chuo kikuu cha Kumasi vibanda vya fotokopi vimebanana kama meno, na kila mashine ina ugonjwa wake. Hii inatafuna karatasi, ile inatoa mstari mweusi katikati ya mtihani wa mtu, nyingine inagoma kabisa mpaka uizabe kofi la ubavu. Ampratwum alijua ipi inazabwa wapi. Hakusomea popote. Alipokuwa na miaka tisa alifungua redio ya bibi yake aone yule mtangazaji wa mpira amekaaje mle ndani, na ilikuwa dakika ya themanini na tano, mechi ya fainali, nyumba imejaa wajomba. Hawakujua mechi imeishaje mpaka kesho yake. Alichapwa na watu sita, kwa zamu, wa mwisho hata hakuwa ndugu, alikuwa mpita njia aliyekuwa anasikiliza dirishani.

Mengine yote alifundishwa na simu. Kioo kimepasuka kama utando wa buibui, bando la kubahatisha, lakini mtu anakaa anatazama video za watu wa nchi za mbali wanaunda roboti, anatabasamu peke yake. Halafu video inafika kwenye orodha ya vifaa, tabasamu linakufa. Kichwa kimoja cha roboti! Kichwa tu, bila hata shingo ya maana! Kinapepesa macho, kinageuka, kinaongea, na bei yake unapata gari lililotumika, tena lenye kiyoyozi. Sasa mwalimu wa sayansi wa Obuasi anayependa tu kuchezea mitambo Jumamosi yake afanyeje? Fundi simu wa soko la Kejetia afanyeje? Wakae wanatazama video mpaka wazeeke?

Ndipo Ampratwum akaapa. Ataunda kichwa ambacho mtu yeyote anaweza kukiunda mezani kwake, kwa bei isiyozidi jozi ya viatu vya kuendea msibani. Na Kumasi viatu vya msibani hakuna asiye navyo, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa nzuri kabisa.

Toleo la Kwanza lilikuwa kibuyu. Mota ya taya ilikuwa na nguvu kupita kiasi, kichwa kikafungua mdomo kusema neno lake la kwanza duniani, kikapasuka kuanzia kidevuni mpaka kisogoni. Hadi leo haijulikani kilitaka kusema nini. Toleo la Pili lilikuwa bati la mafuta ya kupikia, na shingo aliifungia mota ya waipa ya gari, basi kikawa kinaenda kushoto kulia kushoto kulia kama kuna mvua kubwa usoni. Toleo la Tatu lilikuwa la mbao, la mraba. Jumapili moja alilisahau nje ya kanisa, akarudi akakuta waumini wameshalijaza sarafu mdomoni.

Toleo la Nne ndilo lililotoka mtu.

Siri yake ilikuwa karatasi. Unajua kuta za Kumasi zilivyo, kila ukuta una matangazo ya misiba, marehemu amevaa miwani, jina kubwa, watoto wake wote wameorodheshwa pamoja na miji wanayoishi. Ampratwum alisubiri tarehe ya mazishi ipite, kwa adabu kabisa, ndiyo anabandua. Akaloweka karatasi kwenye gundi ya wanga wa muhogo, akabandika tabaka kumi juu ya kalibu, akakausha juani. Likatoka fuvu jepesi, gumu, bure! Alipaka rangi ya kahawia mara tatu lakini ukisogea karibu ulikuwa bado unasoma kwenye paji la uso, AMETUTOKA AKIWA NA MIAKA 87, na kwenye shavu la kushoto kulikuwa na jicho la tatu la mzee fulani wa Mampong, linakuangalia kwa upole.

Macho yalikuwa na mota mbili ndogo, kope zilikuwa na moja, taya moja, shingo moja. Ubongo ulikuwa bodi ndogo ya kielektroniki isiyozidi kiganja. Gia zilitoka kwenye fotokopi zilizokufa. Sauti ilitoka kwenye spika ya redio.

Na kalibu? Eh. Kalibu ndiyo ilileta ugomvi.

Dada yake, Adwoa Nyarko, alikuwa na saluni ya kupanga barabarani, na kwenye saluni alikuwa na kichwa cha plastiki cha kufundishia wanafunzi wake kusuka. Kizuri, mashavu ya mviringo, pua ya heshima, nywele ndefu za kweli. Ampratwum alikiazima bila kusema. Kiliporudi kilikuwa na gundi ya muhogo mpaka masikioni, na nywele zilitoka zote kwa pamoja kama kofia.

"Yaw," Nyarko alisema siku ile, ameshika zile nywele mkononi. "Hii ni nini?"

"Ni sayansi, dada."

"Na sayansi inang'oa nywele?"

Hakuongea naye siku nne. Halafu akaongea naye, na ikawa mbaya zaidi, kwa sababu kiwanda chenyewe cha vichwa kilikuwa kwenye kona ya saluni yake, nyuma ya draya. Ampratwum hakuwa na mahali pengine. Kila Jumamosi walikuwa wanakuja watu tisa, yule mwalimu wa Obuasi, fundi simu, nesi mmoja, mkusanya ushuru mstaafu na wengine, kila mmoja na kichwa chake kisichokamilika kwenye kapu, wanabanana pale kona wanaloweka marehemu kwenye gundi. Wateja walivumilia. Mpaka siku Toleo la Nne lilipofungua macho lenyewe ghafla na kumtazama mteja aliyekuwa chini ya draya. Yule mama alitoka mbio akiwa amesukwa nusu, akashika barabara, na nusu ile nyingine ya nywele imesimama kama imeona yenyewe.

"Mwisho wa mwezi," Nyarko akasema. "Wewe, kichwa chako, na mkusanya ushuru wako. Nje."

"Nitaenda wapi?"

"Kuna chumba cha mbele kwenye nyumba ya ukoo. Kaombe."

Hicho chumba kilikuwa kimebaki wazi tangu bibi yao mdogo afariki. Kikubwa, madirisha mawili, kinatazama barabara. Shida ni kwamba nyumba ya ukoo ni ya wote, na binamu yao Pokuaa alishakiona kabla. Pokuaa aliuza samaki na kuku wa barafu, alikuwa na friza tatu varandani, na alitaka chumba kile kwa ajili ya friza zake kwa mapenzi makubwa. Ukoo ungekaa Jumapili baada ya kanisa kuamua. Ampratwum akikikosa, basi. Watu tisa watarudi kwao na makapu yao, na yeye atarudi kuzaba fotokopi makofi mpaka astaafu.

"Usiende kuongea," Nyarko alimshauri, maana pamoja na hasira zote alikuwa dada. "Wewe ukiongea watu wanasinzia. Peleka kichwa kiwaamkie wazee. Wakiona kina adabu watalainika."

"Wazo zuri! Lakini sauti yangu kwenye spika inatoka kama mwizi."

Ndiyo Nyarko akarekodi sauti yake kwenye simu, anasuka huku anarekodi: "Mchana mwema, Nana. Nakusalimu kwa heshima." Sauti tamu, ya kwaya kabisa, na hilo "Nana" ndivyo wazee wanavyoitwa pale kwa heshima. Akamaliza, akamkazia macho. "Na uanzie kulia, Yaw. Unanisikia? Kulia."

"Dada, mimi ni mtoto mdogo? Salamu zinaanza kulia zinaenda kushoto, nani asiyejua?"

Wiki nzima alikuwa anafanya mazoezi. Alipanga viti saba vitupu, yeye anakaa katikati anatazamana na kichwa, simu mkononi. Kichwa kinageuka kulia, "Mchana mwema, Nana," kinasogea kidogo, "Mchana mwema, Nana," mpaka kiti cha mwisho. Vizuri sana. Alirudia mara arobaini. Alikuwa anaviitikia viti mwenyewe kwa sauti tofauti tofauti.

Jumapili ikafika. Uani viti vilipangwa nusu duara, watu wametoka kanisani wamependeza, na nyumba ya jirani mtu anatwanga muhogo wa fufu kwenye kinu, tu, tu, tu, kila mdundo unawakumbusha watu kwamba hawajala. Kwenye kiti kikubwa alikaa Mjomba Bobie, mkuu wa ukoo. Huyu zamani alikuwa refa wa ligi ya wilaya kwa miaka ishirini na mbili, na kwa kweli hakuwahi kuacha. Watu wakigombana kuhusu mirathi alikuwa anawaonyesha kadi za njano. Kadi zile zile za zamani, zimechakaa pembe.

Pokuaa aliongea kwanza, na aliongea vizuri, shetani yule. Alisema friza inalisha ukoo. Alisema kila msiba wa familia hii kuku wanatoka kwake. Akakaa, mume wake Tetteh, mtu wa Accra, akampigia makofi peke yake.

"Yaw," akasema Mjomba Bobie. "Zamu yako. Na fufu haisubiri."

Ampratwum hakusema neno. Aliweka meza ndogo mbele ya watu, akatoa Toleo la Nne kwenye rambo, akaliweka linawatazama, akabonyeza.

Kope zikafunguka. Watoto wakajificha nyuma ya mama zao. Kichwa kikatazama mbele, kikageuka taratibu, kwa madaha, kikatazama mwisho kabisa wa mstari na kusema, "Mchana mwema, Nana. Nakusalimu kwa heshima."

Pale mwisho wa mstari alikuwa amekaa Tetteh.

Tetteh! Shemeji! Mtu aliyekuja na mke! Hakuwahi kusalimiwa wa kwanza mahali popote tangu aoe. Alisimama, akafunga kifungo cha shati, akaitikia kwa furaha, "Mchana mwema, mwanangu, mchana mwema sana!" Na kichwa kikaendelea hivyo hivyo, kutoka kushoto kwake kwenda kulia, kinasalimia wakwe, kinasalimia wadogo, na Mjomba Bobie, aliyekaa mwanzo wa mstari mahali pa heshima, akawa wa mwisho kabisa, baada hata ya mtoto wa miaka sita aliyekuwa anakula chungwa.

Hata yule wa fufu alikuwa ameacha kutwanga.

Mjomba Bobie akaingiza mkono mfukoni, taratibu, akatoa kadi ya njano, akaiinua juu mbele ya pua ya karatasi.

"Madhambi," akasema.

Basi pakalipuka.

"Kimetutukana!" Pokuaa alikuwa ameshasimama. "Mmeona wenyewe! Kimeanza kushoto! Kwenye nyumba ya bibi yetu! Mimi nina friza tatu, miaka tisa, hakuna friza yangu hata moja iliyowahi kumtukana mtu!"

"Lakini limenisalimia vizuri," Tetteh akasema.

"Wewe kaa!"

"Mjomba, naomba radhi," Ampratwum alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye viwiko. "Sielewi, nilikiweka kulia. Nimefanya mara arobaini. Kulia kabisa!"

"Kulia kwa nani?" akauliza Mjomba Bobie.

Ampratwum akatazama mkono wake wa kulia. Akakitazama kichwa, ambacho kilikuwa kinamtazama yeye. Wiki nzima alikaa mbele yake wanatazamana kama wachumba. Kulia kwake yeye ni kushoto kwa kichwa. Kwa hiyo mara zote arobaini alikuwa anakifundisha kutukana wazee.

Watu waliona sura yake ikibadilika, wakaanza kucheka, lakini Mjomba Bobie alipiga fimbo chini. Kosa ni kosa. Aliyewakosea wazee kwa salamu anatozwa chupa moja ya jini, ile pombe kali ya wazee, na sheria haina nafasi ya kicheko. "Nani anatozwa?" akauliza. "Maana wewe Yaw hukusalimia vibaya, hukusalimia kabisa. Aliyesalimia ni huyu. Huyu ndiye mkosaji."

"Kichwa, Mjomba?"

"Kina mdomo? Kimesema? Kitatozwa. Jina lake nani?"

"Toleo la Nne."

"Hilo si jina, hilo ni gazeti. Kilifungua macho siku gani?"

"Jumanne, Mjomba. Jumanne asubuhi."

"Basi ni Abena, kama kila msichana wa Jumanne. Mtoto wa nani?"

Na hapa Ampratwum akajibu haraka, kwa fahari, kifua mbele, maana alikuwa amefanya kazi miaka mitatu na vidole vyake vyote vina makovu. "Wangu! Ni wangu, Mjomba. Mimi ndiye baba yake."

Kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Pokuaa alitabasamu mpaka meno ya nyuma.

"Mmemsikia wenyewe," akasema polepole. "Ni baba yake. Sasa wazee wangu, mtoto wa mwanaume wa nyumba hii ni wa nyumba hii?"

"Hapana," wazee wakasema wote, kwa sababu ni kweli. Mtoto anafuata ukoo wa mama yake, hata kuku wa pale uani walijua.

"Kwa hiyo huyu Abena ni mgeni. Na chumba cha ukoo hakipewi mgeni. Aende kwa watu wa mama yake, akaombe chumba huko. Nimemaliza."

Akakaa. Mtu mmoja akasema "Eeeh!" kwa kuvutiwa. Mjomba Bobie alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kirefa, kama mtu anayejua penalti ni penalti hata kama timu ni yako.

"Yaw. Mama yake ni nani?"

"Hana mama, Mjomba. Nimemuunda. Karatasi, gundi, mota."

"Asiye na mama hana ukoo kabisa. Hiyo ni mbaya zaidi."

Ampratwum alisimama pale na waya mkononi. Alifikiria mwalimu wa Obuasi, anayepanda gari alfajiri kila Jumamosi na kapu magotini. Akaanza kukirudisha kichwa kwenye rambo.

"Weka chini," akasema Nyarko.

Alikuwa amekaa nyuma, hakuombwa kusema. Akaja mbele anajifunga kitambaa cha kiunoni upya, na Nyarko akijifunga kitambaa upya hata wateja wenye madeni wanakumbuka wana haraka mahali.

"Wazee wangu, niruhusuni. Huyu mnasema hana mama. Uso huu umetoka wapi? Umetoka kwenye kichwa changu cha saluni, alikiiba, mnajua wote, nimelia mtaa mzima ukasikia. Tumbo lililomzaa Abena lilikuwa langu, nililinunua mwenyewe. Na hiyo sauti mliyosikia ni ya nani? Ya Yaw? Yaw ana sauti hii?"

"Yaw ana sauti ya mwizi," mtu akakubali.

"Uso kutoka kwangu, sauti kutoka kwangu. Kona alikolelewa ni yangu. Kama mimi si mama yake, mama ni nani?"

Kelele! Pokuaa alikuwa anapunga mikono miwili. "Haiwezekani! Kaka ndiye baba, dada ndiye mama? Wazee, huo ni mwiko! Hiyo tutachinja kondoo wangapi kujitakasa?"

"Nani kasema Yaw ni baba?" Nyarko akamgeukia kaka yake. "Yaw. Wewe ni baba yake?"

Ampratwum akamwangalia. Alielewa kinachoombwa. Miaka mitatu, kibuyu, bati, mbao, makovu. Kila kichwa alichowahi kumwonyesha mtu, alianza na maneno mawili, hiki changu. Na sasa alitakiwa ayateme mbele ya ukoo mzima, tena mbele ya Pokuaa.

"Hapana," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nilijisifu tu. Mimi ni mjomba wake."

"Na baba yake?" Pokuaa hakukata tamaa.

Ampratwum akachungulia ndani ya shingo ya Abena.

"Fotokopi," akasema Ampratwum. "Gia zote zimetoka kwa fotokopi."

"Mimi?" Nyarko aliruka. "Na fotokopi?"

Hapo Tetteh alianguka kutoka kwenye kiti. Wazee walikuwa wanafuta machozi na nguo zao za kanisani. Mjomba Bobie mwenyewe alijifanya anakohoa, halafu akainua mkono. Baba hatumtafuti, akasema, damu ya ukoo inatoka kwa mama, fotokopi ikae ilipo. Lakini alitaka ushahidi. Akaamuru Abena awekwe karibu na Nyarko, shavu kwa shavu, wakaja vibibi wawili wakakagua kwa vidole. Mashavu? Mviringo kwa mviringo. Paji la uso? Wakasoma, miaka 87, wakasema anaonekana mdogo kuliko umri wake. Pua ikaleta mjadala, lakini mmoja akasema ni ya bibi yao kabisa, yule aliyeacha chumba, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kubisha.

"Ni wetu," akatangaza Mjomba Bobie. "Kwa hiyo atatozwa kama wetu. Mjomba wake atalipa chupa. Na atasalimia upya, sasa hivi, kwa njia inayotakiwa. Nampa dakika tano, na ninahesabu."

Alikuwa na saa ya kirefa kweli. Aliibonyeza.

Ampratwum akachomeka simu kwenye kichwa. Kioo kimepasuka, watu hamsini wanamtazama, fufu jirani imeanza tena, tu, tu, tu. Mara ya kwanza maishani alizunguka akasimama nyuma ya kichwa, akatazama dunia kutoka upande wake. Kumbe kutoka huku Mjomba Bobie yuko kulia, wazi kabisa. Akaandika upya namba za shingo, kilichokuwa kushoto akakifanya kulia. "Dakika mbili," Mjomba akasema. Ampratwum akababaika, akabonyeza mahali, na badala ya kugeuza mota ya shingo peke yake akazigeuza zote.

Alijua hilo kichwa kilipowaka, yaani alipokuwa amechelewa.

Abena akageuka kulia, kwa Mjomba Bobie. Hapo vizuri. Lakini macho yaliyotakiwa kutazama juu yakatazama chini. Kope zilizotakiwa kufunguka zikafumba nusu. Na mdomo, ambao ungefunguka wakati wa kusema, ulijifunga kabisa wakati sauti inatoka, halafu salamu ikiisha unafunguka na kubaki wazi. Mtu mzima kabisa akisalimia hivyo ungempeleka hospitali. "Mchana mwema, Nana. Nakusalimu kwa heshima." Midomo imebanwa, macho ardhini. Halafu, aaa, mdomo wazi, kinasubiri.

Ampratwum alifumba macho yake mwenyewe. Imekwisha, akajua.

"Hebu mwangalieni," akasema kibibi mmoja, sauti ya chini.

"Hathubutu kumtazama mkubwa usoni."

"Anaongea midomo imefungwa, kwa aibu. Halafu akishasalimia anashangaa wakubwa. Watoto wa siku hizi wanafanya hivyo? Wako kwenye simu tu!"

"Amelelewa," akasema wa pili, na akamtazama Nyarko kwa kumsifu. Nyarko akainamisha kichwa kama mama aliyelala macho wazi miaka mingi.

Abena alimaliza mstari mzima, kulia mpaka kushoto, na Tetteh safari hii akawa wa mwisho, akaitikia kwa unyonge lakini aliitikia. Mjomba Bobie alisimamisha saa. Akairudisha kadi mfukoni.

"Uamuzi," akasema. "Abena ni mtoto wa nyumba hii na anahitaji mahali. Lakini mtoto hapewi chumba wakati mama yake yuko hai. Chumba nampa Adwoa Nyarko, akae na mtoto wake. Friza zikae varandani, zimezoea. Tukale."

Watu walikuwa wameshainuka kabla hajafika kwenye lile neno la kula. Pokuaa alibaki kwenye kiti chake, akasema tu, "Fotokopi," akatikisa kichwa, akaenda kuangalia samaki wake.

Nyarko alihamisha saluni wiki ile ile, maana kodi ya barabarani ilishamchosha. Mbele akaweka vioo na draya. Akafunga pazia la kitenge katikati, na nyuma ya pazia akampa Ampratwum meza, dirisha moja, na masharti saba ambayo aliyaandika kwenye karatasi akayabandika. La kwanza lilisema hakuna kuwasha kichwa chochote wakati kuna mtu chini ya draya.

Jumamosi ya kwanza watu tisa walifika, mwalimu wa Obuasi ametangulia na kapu lake. Ampratwum alikuwa mlangoni anawakaribisha kama mwenye nyumba, mpaka Nyarko alipotokea na kitana kwenye nywele.

"Wapite nyuma, Yaw. Na wavue viatu."

"Dada, si tumepewa chumba wote?"

"Nani kasema? Alipewa mama. Wewe ni nani kwake?"

Ampratwum alikuwa na majibu kadhaa, mengine mazuri. Alitazama watu tisa na makapu yao, wameshaanza kuvua viatu.

"Mjomba wake," akasema.

"Basi mjomba, funga pazia, nina mteja."

Akafunga pazia. Nyuma yake nesi alikuwa ameshachanganya gundi, na mwalimu wa Obuasi alikuwa anauliza, kwa wasiwasi kidogo, kama ni lazima kukaa nyuma ya kichwa wakati wa kukipanga au mtu anaweza tu kuandika neno KULIA kwenye mkono wake.